Kimo cha Marlène

Benchi letu la Katwe, hapa Kampala, ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya injini mbili za lori zilizokufa, na kwa haki kabisa si letu. Wanaume walikaa hapo kabla sisi wanawake wa kikundi cha kushona hatujapanga chumba kilicho nyuma yake, na hawachoki kutukumbusha. Mbele yake mafundi wanagonga masufuria tangu asubuhi. Ukitaka kusema jambo, unalisema katikati ya nyundo mbili. Lakini chumba chetu kina dirisha moja tu, na umeme ukikatika hatuwezi kukata kitambaa humo ndani. Siku hizo tunatoa meza na kuiweka kando ya benchi, na wenye benchi wanageuka mafundi wa nguo bila kuombwa. Alhamisi ile ya mwezi wa nane, mwaka 2011, umeme ulikatika saa sita na nusu. Kufika saa tisa meza ilikuwa nje, juu yake yadi tatu za kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, na Akidi, ambaye wote wanamwita Mkasi kwa kuwa ndiye mkataji wetu, alikuwa ameshika mkasi wake bila kukata.

— Mkasi, unangoja nini? Hicho kitambaa kina miguu?

Aliyeuliza ni Sajini. Jina lake ni Okullo, mtu wa Lira, alistaafu jeshi zamani, lakini bado anakaa kwenye ubao kama yuko kwenye paredi.

— Nangoja kimo, akasema Akidi.

— Kimo ya nani?

— Cha Marlène.

Sajini akaweka kikombe chini. Kila mtu wa benchi lile anamjua Marlène, ingawa hakuna aliyewahi kumwona isipokuwa mama yake, Monique, ambaye wakati huo alikuwa ameketi mwisho wa ubao, mikono mapajani, akitazama kitambaa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mwezi wa tano 2003, Bunia, kule Kongo, ilipopigwa, Monique alikimbia na binti yake wa miaka sita. Njia panda moja watu walipita katikati yao. Alipotazama tena, mkono aliokuwa ameushika ulikuwa wa mtoto mwingine. Miaka minane haikuja habari yoyote. Wiki moja kabla ya Alhamisi hiyo, Guerschom, dereva anayepeleka masufuria ya Katwe hadi Mahagi, ng'ambo ya mpaka, alileta barua ya sista mmoja wa huko. Ina mistari kumi na mmoja. Niliisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Msichana yupo kwa masista, anajifunza kushona, anaitwa Marlène, mama yake Monique, kwao Bunia. Lakini anakataa kabisa kwamba mama yake yuko hai. Anasema alimwona akianguka. Sista aliomba kitu chochote cha kumwonyesha.

Monique hawezi kwenda. Anaishi Makindye kwa karatasi ya ukimbizi. Akivuka mpaka kurudi kule, karatasi inakufa, na ana watoto wadogo wawili waliozaliwa hapa wanaoitegemea. Kwa hiyo gauni lingetangulia. Lori la Guerschom lilikuwa linaondoka jioni hiyo, saa kumi na mbili.

— Likimbana ao likimpwaya, Monique alituambia asubuhi, atajua kama mwenye ameshona hamjui. Atasema, mnaona, mama yangu alikufa.

— Si mna kamba yake? akauliza Injenia.

Injenia ni Pitshou, Mkongo wa Bukavu, fundi masufuria. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo hawezi kulieleza kwa chuma. Na ni kweli, kamba ya Marlène ilikuwapo. Wengi wetu hatujui kusoma, kwa hiyo kila mwanachama ana kamba yake msumarini, yenye mafundo: la bega, la kifua, la kiuno, la kimo. Siku unapojiunga unasimama juu ya kigoda katikati ya chumba na kila mmoja anakupima kitu. Wanakutania makalio, wanakugeuza kama mtungi, na kamba yako ikishatundikwa wewe ni wetu. Nimeona wanawake wazima wakilia kwa kupimwa mabega, watu ambao kwa miaka hawakuguswa na mtu isipokuwa kusukumwa kwenye foleni. Monique, siku yake ya kwanza, aliposhuka kwenye kigoda aliomba kamba ya pili. Hakuna aliyemwuliza maswali. Kila mwezi wa nane, Marlène anapotimiza mwaka, tunalisogeza fundo lake sote pamoja, na siku hiyo ni sikukuu yetu kubwa kuliko Krismasi.

— Kamba inasema, kwa miaka kumi na tano anayotimiza mwezi huu, inchi hamsini na nane na nusu, nikamjibu.

— Na nusu, akasema Sajini. Mnasikia Katibu? Mtoto hawajamwona miaka minane, lakini nusu wameiona.

Katibu ni mimi.

— Nusu iko kwenye kamba, nikasema. Siwezi kuitoa.

— Imetoka wapi?

Nikamweleza. Tulikuwa tunaongeza inchi mbili kila mwaka. Lakini mwaka ambao redio ilisema kule kuna njaa, Monique aliomba tuongeze moja tu. Mwaka mwingine alimwota amekuwa mrefu, amesimama mlangoni, tukaongeza tatu. Mwaka jana tulibishana tukaishia moja na nusu.

— Basi hicho si kimo, akasema Sajini. Hayo ni maoni. Sikiliza mimi. Nimegawa yunifomu miaka kumi na tisa. Jeshi iko na saizi tatu: kubwa, ndogo, na ya yule anayelalamika. Mtoto ya vita anakimbia. Anayekimbia anarefuka miguu. Nilikuwa naona vijana wanaingia Januari, kufika Juni suruali imepanda mpaka hapa. Weka sitini na mbili.

— Afande, hizo suruali zilirudi kwa kufuliwa, akasema Kasim.

Kasim ndiye mwenye kahawa, Mnubi wa Bombo, na jiko lake dogo na birika lenye tangawizi hukaa kati ya injini ya kushoto na mguu wa Sajini.

— Wewe mimina, akasema Sajini. Wanaojua wanaongea.

— Hapana, afande anakosea upande, akaingilia Injenia. Si miguu. Ni baridi. Chuma ukikitia moto kinarefuka, ukikiweka kwa baridi kinajikunja. Sasa ile Mahagi iko juu, baridi yake ni ya kuvaa sweta saa sita. Mutoto wa Bunia, wa joto, unamupeleka kwa baridi miaka yote hiyo. Lazima amejikunja. Mimi ningetoa inchi mbili.

— Kwa hiyo Wazungu wote ni wafupi, akasema Akidi.

— Wazungu wanavaa makoti.

— Na wa Mahagi wenyewe je? Guerschom amezaliwa kule, anainama akiingia mlangoni.

— Guerschom ni dereva. Anakaa karibu na injini.

Akidi akacheka, na hata Monique akasogeza midomo kidogo. Ndivyo benchi lile lilivyo. Watu wanasema upuuzi mfululizo mpaka mtu mwenye jiwe kifuani anapata pa kuliegemeza. Nilitazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

— Mimi nitawaambia kitu, akasema Kasim, na akamimina kwanza vikombe viwili ili tungoje. Mtu hakui kwa kula. Mtu anakua usiku, akilala. Bibi yangu alikuwa anatupima ukutani jioni na asubuhi, na asubuhi tumezidi. Kwa hiyo msiulize alikula nini. Ulizeni alilala usiku ngapi.

— Usiku ngapi, akasema Injenia, akaanza kuhesabu vidole. Tangu mwezi wa tano ile mwaka. Ukitoa usiku ya risasi. Ukitoa usiku ya kutembea kwa musitu. Ukitoa mvua, kama nyumba inavuja. Katibu, andika.

— Siandiki hilo.

— Andika, tupate hesabu.

— Hata nyumbani alikuwa analala vibaya, akasema Monique.

Nyundo ziliendelea, lakini Injenia akashusha vidole vyake. Monique alikuwa hasemi nasi hasa. Alisema na kitambaa.

— Alikuwa anapiga mateke. Asubuhi nilikuwa naamka na miguu yake hapa, akagusa ubavu. Nilikuwa nakasirika. Nikasema, wewe, utalala lini kama mutu.

Kasim akageukia jiko lake na kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Sajini ndiye aliyerudi kwanza kwenye hesabu. Nadhani aliona huruma, na kwake huruma hutoka kama mahojiano.

— Mama Marlène. Tuanze na kitu tunajua. Siku ile ya mwisho, mtoto alikuwa anafika wapi kwako?

Monique akasimama, akaweka kiganja juu kidogo ya kiuno, kwenye mshipi wa sketi yake.

— Hapa. Kichwa chake hapa.

— Ndiyo tulivyopima fundo la kwanza, nikasema. Inchi arobaini na moja.

— Mbona fupi kwa miaka sita? akauliza Akidi. Nimesema miaka yote, ilikuwa fupi. Olivia, binti yangu, umri huo alikuwa na arobaini na tano.

— Olivia anakula kila siku, akasema Monique bila ukali.

— Ngoja, akasema Sajini. Mlimpima mama hapa, kwenye chumba yenu, amevaa nini miguuni?

Nilikumbuka. Alikuwa amevaa kandambili, zile nene za mpira.

— Kandambili, nikasema. Karibu inchi moja.

— Na siku ile ya Bunia?

— Bila viatu, akasema Monique. Tulitoka ndani tukikimbia.

— Mtoto naye?

— Yeye alikuwa na viatu. Nilimvalisha kwanza.

Sajini akawa kama askari aliyepata ramani. Akaeleza kwa vidole: siku ile mama alikuwa chini kwa inchi, mtoto juu kwa soli yake, kwa hiyo kiganja kile kilikuwa kinadanganya mara mbili. Injenia akapinga kwamba njia panda za Bunia zina mteremko, na mtoto huenda alisimama upande wa chini. Sajini akauliza mteremko wa digrii ngapi. Kasim akasema mvua ilikuwa imenyesha, viatu vya mtoto vilikuwa na matope, ongeza matope. Injenia akasema matope ya Ituri ni mazito kuliko ya Kampala. Mimi nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari, soli, mteremko, matope, na nilijua kabisa ninachofanya ni ujinga, lakini sikuweza kuacha kalamu. Niliona kama nikikosa kitu kimoja, hicho kimoja ndicho kingemfanya yule msichana alikunje gauni na kumrudishia sista.

— Tumepotea, akasema Akidi. Nipe pindo kubwa. Inchi sita chini, naliweka ndani, gauni likiwa fupi ataachia mwenyewe. Kiunoni lastiki. Kwisha.

— Hapana, akasema Monique.

— Dada, ni akili ya kawaida. Tunawafanyia watoto wote wa shule.

— Watoto wa shule mama zao wako hapo, wanajua ni kwa ajili ya mwaka ujao. Hawa masista wanafundisha kushona. Atageuza gauni ndani, kila anayeshona anageuza ndani. Ataona inchi sita. Pindo ya namna ile ni ya mutu hajui.

— Sasa unataka nijue kwa uwezo gani?

Akidi hakusema kwa hasira. Alikuwa amekata nguo za maharusi, za wanajeshi, za maiti mbili, na sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo. Monique akakaa.

— Barua, akasema Injenia ghafla. Katibu, si ulisema mutoto aliandika jina yake chini?

— Aliandika. Sista alimwomba, akaandika jina, akaweka kalamu.

— Basi imekwisha, tumeteseka bure. Mutu mrefu ana mukono mrefu, mukono mrefu unaandika herufi ndefu. Mimi nikichora sufuria, ukubwa unaonekana kwa alama ya kwanza. Pima ile M.

— Huyu sasa amelewa kahawa, akasema Sajini, lakini akasogea ili aone.

Ningepaswa kukataa. Nimesoma chuo miaka mitatu, najua kwamba herufi haina uhusiano na kimo. Nikatoa barua katika bahasha yake, nikaiweka mezani juu ya ndege wa njano, nikachukua rula.

— Milimita kumi na moja, nikasema.

— Ya kwako wewe?

Nikaandika M yangu pembeni mwa daftari. Sita.

— Umeona, akasema Injenia polepole, na uso wake ukajaa furaha kweli. Mara mbili karibu. Ni murefu. Mama Marlène, mutoto wako ni murefu kama mulingoti.

Monique alikuwa ameinama juu ya barua. Akapitisha kidole juu ya jina, bila kuligusa.

— Wakati ule, akasema, alikuwa hajui kuandika.

Hakuna aliyejaribu kulipima hilo. Kasim alimimina kahawa kwa watu ambao hawakuomba na kila mmoja akainywa. Ilikuwa saa kumi na nusu. Upande wa pili wa barabara mafundi walikuwa wameanza kufunga masufuria ya Guerschom kwa kamba, makubwa yakimeza madogo.

Mwishowe mimi ndiye niliyeamua, kama kujumlisha na kugawanya ni kuamua. Niliandika sitini na mbili ya Sajini, hamsini na sita na nusu ya Injenia alipokuwa bado upande wa baridi, hamsini na nane na nusu ya kamba, sitini na moja ya Akidi, aliyedai fundo letu lilianza fupi. Nikapata hamsini na tisa na nusu. Nilimwambia Akidi, na nilipoisema nikahisi aibu, kwa sababu kilikuwa kimo cha hesabu tu, na kwa kila mtu aliyetoa maoni kilikuwa kosa. Lakini Monique aliitikia kwa kichwa. Akidi akachora kwa chaki, mgongo, mbele, mikono mifupi yenye marinda. Pindo aliweka inchi moja na nusu, pindo la mtu anayejua.

Hapo ndipo Aciro alipotoka chumbani. Alikuwa amejiunga nasi Jumanne, ametoka Kitgum kuja kwa shangazi yake mke wa polisi, mtu wa maneno machache, mtoto mgongoni. Tulikuwa tumempa kazi ya vifungo kwa sababu mkono wake ni mzuri na hana haraka. Alikuwa ameshika kopo la vifungo.

— Mama, akamwambia Akidi, nauliza tu. Hii gauni inafunguka mbele ao nyuma?

— Nyuma. Zipu. Ni gauni la msichana.

— Sawa.

Lakini hakuondoka. Akambembeleza mtoto kwa kuyumba, mguu huu, mguu ule.

— Kule Kitgum kwa masista, pale nilikaa mimi, zetu zote zilikuwa zinafunguka mbele. Ya kunyonyesha. Ndiyo maana nauliza. Huyu dada iko na mtoto ao hana?

Alituangalia mmoja mmoja, akingoja. Alidhani ni jambo tunalolijua. Sajini alitazama ndani ya kikombe chake. Injenia alianza kutafuta kitu mfukoni, akatafuta mfuko wa pili, akarudi wa kwanza. Nilishika barua, na ingawa naijua kwa moyo nikaanza tena mstari wa kwanza. Kasim alitikisa birika, likatoa sauti ya mashapo tu, akalilaza kando ya jiko.

Monique ndiye aliyesema, kwa kuuliza.

— Wewe uko na miaka ngapi?

— Kumi na tano, mama.

— Na huyu?

— Miezi saba. Anaitwa Okwir.

Monique alimtazama yule mtoto, kichwa chake kilicholala upande, mate kwenye kitambaa cha mama yake. Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka Aciro akaona haya na kumsogeza kidogo. Kisha akainuka, akaichukua chaki mkononi mwa Akidi. Tangu asubuhi alikuwa hajagusa kitenge kile. Akachora mstari mmoja, kuanzia shingoni hadi kiunoni, kwa mbele, katikati ya ndege.

— Vifungo sita, akamwambia Aciro. Vidogo.

— Monique, akasema Akidi kwa sauti ya chini. Na kama hana?

— Kama hana, ni vifungo tu.

Akidi akakata.